Siku Wifi Yangu Alipokataa Kuitika

Nyie vijana mtakaosoma haya, najua mnapenda kwenda kupanda vilima siku za mapumziko. Kubeba maji mnajua, kuvaa viatu vya kamba mnajua, hayo mmefundishana wenyewe. Mie nawaeleza la wifi yangu, maana hilo hakuna aliyewafundisha. Leo naliandika nikiwa nimetulia, na yeye yuko hapo uani anachambua mchicha, anaimba vibaya. Mshukuruni Mungu pamoja nami.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuja kutoka kusini kutibiwa sukari, akabaki kwangu hapa Kiwalani, na sikumwuliza anaondoka lini. Kila asubuhi anachoma sindano yake, halafu lazima ale. Chakula kikiiva napiga kelele kutoka jikoni: "Wifi mlafi!" Naye anajibu huko aliko: "Nile nini kwa mpishi wa mabonge?" Kisha anakuja, anakula, sahani anaiacha kama imeoshwa. Wapangaji wapya hudhani tunagombana. Hatugombani. Ugali wangu wa kwanza ukweni ulikuwa na mabonge, na yeye ndiye aliyeandaliwa sahani ya kwanza, akaimaliza huku anayasema mabonge. Tangu hapo tunaitana hivyo.

Mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi ofisini, ndiye aliyesema twende msitu wa Pugu na wenzake.

"Bibi, kuna hewa safi kule. Na wifi yako daktari kasema atembee."

"Kasema atembee, hakusema apande mlima."

"Kilima tu, bibi."

Tukaenda. Nilidhani msitu ni mahali pa kimya, kumbe siku za mapumziko ni kama mnadani. Kuna waliotoka Kimara, kuna waliotoka Mwenge, kuna watoto wamebebwa mabegani. Njia ni nyembamba, wanaopanda na wanaoshuka wanapishana kwa ubavu, na katikati amesimama mtu anapigwa picha. Nikamwuliza mmoja kama njia ameirithi kwa baba yake. Akapisha.

Kijana mwingine alibeba spika mgongoni, kubwa kama ndoo, singeli inapiga mpaka majani yanatikisika.

"Wewe, hao ndege wa humu wamekukosea nini?"

"Shikamoo bibi! Hii ya kutupa mzuka tu, tupande."

"Marahaba. Mzuka huo kaa nao mwenyewe."

Wenzake wakamzomea kwa kucheka, akapunguza sauti. Kidogo.

Kapu la chakula nilibeba mie: mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chupa ya chai. Tulipanga tule kule juu, panapoonekana mji wote. Wifi alikuwa nyuma yangu anasema miguu yangu ya bata. Nilipofika juu nikageuka nimjibu. Hayupo.

Nikalitazama kapu mkononi mwangu. Sindano ameshachoma, chakula ninacho mie. Akichelewa kula anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaanguka. Nilishamwona akianguka pale uani, na siku hiyo jikoni palikuwa hatua chache. Huku ni msitu.

Mjukuu wangu akaanza kumwita kwa jina lake. Watu wakauliza kuna nini, wakaambiwa, na sitasahau, hakuna aliyeendelea na safari yake. Waliokuwa wanakula waliacha kula. Wakatawanyika, huyu kulia, huyu kushoto, wote wanaita lile jina. Kijana wa spika akazima singeli, akachomeka kipaza sauti, akaliita mpaka likarudi kutoka ng'ambo ya bonde. Kimya.

Mjukuu wangu akaanza kulia. "Bibi, angekuwa mzima angeitika."

Niliposikia neno hilo ndiyo akili ikanirudia. Angeitika? Wifi yangu, porini? Kwetu kusini mtu haitwi jina lake porini, na ukilisikia linaitwa huitiki. Unajuaje anayeita ni mtu? Jini akilipata jina na jibu lake, amekupata wewe. Unachuchumaa, unanyamaza mpaka kipite. Tumelelewa hivyo sote wawili. Hata mie nisingeitika. Na hapo watu wema walikuwa wanazidi kumchuchumalisha kila walipoongeza sauti.

"Nyamazeni!" nikasema. "Nyote! Na wewe wa spika!"

Neno likateremka njiani mdomo kwa mdomo, mpaka nikasikia majani. Nikashuka kidogo, nikaita kama niko jikoni kwangu:

"Wifi mlafi!"

Hakuna kitu. Nikashuka tena, nikapiga kwa nguvu zote za kifua:

"Wifi mlafi wee!"

Kikatoka kijisauti chembamba, chini, upande wa kushoto:

"Nile nini… kwa mpishi wa mabonge?"

Watu walishangilia kama goli limeingia. Mie nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Walimkuta nyuma ya mti mkubwa, kanga kichwani, jasho linamchuruzika, mkononi ana mzizi. Aliona jani akadhani ni la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha kwetu, akaingia kuufuata. Wala haikuwa ming'oko. Wa spika ndiye aliyefungua soda yake akamshikia chupa mdomoni mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

"Ulitusikia?" mjukuu wangu akamwuliza.

"Niliwasikia. Jina langu linatoka kila upande, na moja lina sauti ambayo si ya mtu. Nikasema leo wamekuja ukoo mzima."

Wa spika akacheka mpaka akakaa. "Bibi, jini lenyewe mie!"

"Na soda yako tamu," wifi akamwambia.

Kapu nikalifungulia palepale njiani. Samaki hawakutosha, tukawachambua vipandevipande, kila aliyeita akapata. Mihogo ilikuwa imepoa, na sijawahi kula mihogo mitamu kama ile. Wa spika akauliza kama aweke singeli. Nikamwambia aweke. Kidogo.

Tuliporudi nyumbani niliwakalisha wote uani, wakubwa kwa wadogo, na wifi yangu akiwepo. Nikawaambia: "Kuanzia leo huyu hatoki nje ya geti bila chakula mkononi mwake mwenyewe. Na akipotea tena, asithubutu mtu kumwita jina. Nileteni mie nimtukane."