Safari ya Newala kwa Daktari Asiye na Leseni

Nilisafiri kwenda kusini kwa sababu kamati yetu ilikuwa imekwama. Tulikuwa madaktari wa meno wachache, tumepewa kazi ya kupanga upya utaratibu wa leseni kwa wenzetu waliosomea ng'ambo: vyeti vyao vithibitishwe vipi, mtihani waufanye lini, utarajali, yaani mafunzo kazini, waufanyie hospitali zipi. Kuhusu mtihani tulikubaliana upesi kwamba ubaki mgumu kama ulivyo. Tulibishana juu ya utarajali. Wengine walitaka wote wabaki Dar es Salaam, karibu na vifaa na walimu. Mimi nilitaka wapelekwe na mikoani, ambako mtu mwenye jino bovu husafiri nusu ya siku kumfikia daktari. Mwenyekiti alichoka kutusikiliza. Akasema mwenye hoja ya mikoani aende akaone kwa macho yake, kisha arudi na maelezo.

Nilikuwa na sababu ya pili. Miongoni mwa maombi yaliyokwama lilikuwamo la binti wa Newala aitwaye Somoe, aliyesomea udaktari wa meno kaskazini mwa Uchina. Chuo chake kilikuwa hakijajibu kuthibitisha shahada yake, na bila jibu hilo hakuruhusiwa kufanya mtihani. Mimi pia nilisomea ng'ambo, lakini zamani, tulipokuwa wachache na mtu akipokelewa kazini kabla hajamaliza kufungua mabegi. Nilitaka kujua mwenzangu anaishije akingoja.

Basi letu liliondoka Dar es Salaam alfajiri, likavuka Rufiji jua likianza kuwa kali. Baada ya Lindi tuliiacha pwani tukakata kuelekea bara. Mikorosho ilianza kuonekana pande zote mbili za barabara, na abiria wa kiti cha jirani, mwalimu wa Lukuledi, akanieleza jinsi mvua zilivyoharibu maua mwaka ule. Aliposikia mimi ni daktari wa meno aliniomba msamaha kwanza, kisha akafungua kinywa kunionyesha gego lake. Nilimwambia alitoe. Akasema ndivyo alivyoambiwa tangu mwaka juzi.

Masasi tuliingia jioni, vilima vya mawe vikiwa vimegeuka rangi ya kahawia juu ya mji. Dakta Chikoti alikuwa ananisubiri stendi. Ni daktari wa meno wa hospitali moja ya pale, mtu mzima, mwanakwaya wa Kianglikana kama alivyokuwa baba yake. Alinipeleka nyumbani kwake, na mkewe, Mama Winfrida, akatuandalia ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Usiku ule hatukuzungumza kazi. Mama Winfrida alitaka habari za wanangu, nami nilikuwa nimechoka.

Asubuhi tulikwenda hospitali. Kiti cha matibabu ni kimoja, na benchi la nje lilikuwa limejaa kabla hatujafika. Niliketi pembeni nikamtazama Chikoti akifanya kazi bila haraka, akimweleza kila mgonjwa anachotaka kufanya. Kati ya mgonjwa na mgonjwa aliniambia angeweza kuwasimamia watarajali wawili bila shida, kwa kuwa kazi ya kujifunzia ipo ya kutosha. Nilifurahi. Hoja yangu ilikuwa imepata miguu.

Mchana, benchi lilipopungua, nilimuuliza kama anamfahamu Somoe wa Newala. Alinijibu huku akipanga vifaa vyake.

Alisema Somoe alifika pale mara tu aliporudi kutoka Uchina. Hakuomba kazi wala mshahara. Aliomba asimame tu kando ya kiti, atazame, achanganye dawa za kuzibia, asisahau. Chikoti alilipeleka ombi lile kwa wakubwa wake, wakamwambia hakuna kifungu kinachomtambua mtu wa namna hiyo: si mwanafunzi, si mtarajali, si daktari. Ikabidi amwambie asubiri.

"Nilimwambia kwa upole," Chikoti alisema. "Lakini nilimwambia mlangoni, mama. Hata kumkaribisha ndani sikumkaribisha."

Nilidhani hayo ndiyo yanayomsumbua. Nilipomuuliza kama kuna jingine, alisema jingine lipo, ila mwenye haki ya kulisema ni binti mwenyewe.

Siku iliyofuata nilipata gari la kwenda Newala. Ukitoka Masasi unasafiri kwenye tambarare, halafu uwanda wa Makonde unasimama mbele yako kama ukuta, na gari linaanza kuupanda kwa kona. Juu hewa inabadilika. Upepo ni wa baridi, udongo ni mwekundu, na mikorosho imepandwa mpaka kwenye milango ya nyumba. Ulikuwa msimu wa kuokota, na harufu ya mabibo iliingia kupitia madirisha yote ya gari.

Kwa kina Somoe ni nje kidogo ya mji. Mama yake alinipokea uani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitandikia mkeka. Alininawisha kwa maji ya kisima cha uani, ambamo maji ya mvua hukusanywa kutoka bati la nyumba. Aliyamimina kidogo kidogo, kwa kuwa kule juu maji hayachezewi. Somoe alitoka ndani amejifunga kanga, mrefu, mwenye sauti ndogo. Aliniamkia kwa heshima akaniita daktari. Mimi nilipomwita daktari alitazama chini.

Alikuwa anafundisha baiolojia kwa kujitolea kwenye sekondari ya karibu. Nilimweleza kilichonileta. Tulikuwa tunafikiria kifungu kipya: mtu anayengoja vyeti vyake vithibitishwe aandikishwe chini ya daktari mwenye leseni, aingie kliniki, asaidie, asimguse mgonjwa peke yake mpaka afaulu mtihani. Nilimwambia Masasi ipo tayari na Chikoti yupo tayari. Nilizungumza kwa furaha, nadhani kwa furaha kupita kiasi, kwa sababu mama yake aliinuka taratibu akaenda jikoni.

Somoe alisubiri mama yake atoweke. Kisha akanieleza habari za mjomba wake.

Kwao mjomba ndiye mwenye neno. Huyu, kaka mkubwa wa mama yake, ndiye aliyesimamia masomo yake. Aliuza korosho za misimu kadhaa, akawabembeleza ndugu wachange, akamsindikiza mpaka uwanja wa ndege akiwa amevaa koti la kuazima. Somoe aliporudi, mjomba alitangaza kwenye kila kibaraza kwamba Newala imepata daktari wake wa meno. Watu wakaanza kuja. Somoe akawa anawaeleza mmoja mmoja kwamba hana leseni, waende hospitali. Wengine walimwelewa. Wengine walisema elimu imempa maringo.

Halafu mjomba mwenyewe akaja. Gego la chini lilikuwa limeoza, na shavu limevimba mpaka chini ya taya. Alikaa kwenye mkeka uleule akafungua kinywa. Somoe alitazama, akaona kwamba usaha umeanza kushuka. Alimwambia jambo hili si la nyumbani, aende hospitali Masasi leo hii. Yeye hana ruhusa na hana vifaa.

"Akaniuliza, 'Nimekusomesha wewe, halafu niende nikashikwe kinywa na mtu nisiyemjua?'" Somoe alisema. "Nikamwambia ndiyo, mjomba, nenda. Nikamwandikia jina la dawa nisiyoruhusiwa kumwandikia, nikaliona hilo ni kosa, nikaichana karatasi mbele yake. Akainuka akaenda kwake."

Hakwenda hospitali. Alikaa nyumbani akiwa amekasirika, akisukutua maji ya mizizi. Uvimbe ulishuka shingoni. Walipompakia kwenye gari hakuweza tena kumeza wala kulala chali, na alikata roho njiani, kabla ya kufika Masasi.

Nilimwambia alichofanya kilikuwa sahihi. Kung'oa jino lile nyumbani, bila vifaa, kungeweza kumuua siku ileile. Nilisema kama mwalimu anavyosema.

"Najua," alijibu. "Sijutii kutolishika jino lake. Ninajutia kwamba nilimwambia nenda. Nilipaswa kusema twende. Lakini mimi Masasi nilishafika, nikaambiwa nisubiri. Nilikuwa naona aibu kurudi mlango ule na mgonjwa mkononi. Nikamtuma peke yake."

Jioni alinipeleka kumwamkia mjane wa mjomba, nyumba chache mbele. Nilikwenda nimejiandaa kusikia lawama. Mjane alikuwa anachambua korosho. Alitukaribisha, akamuuliza Somoe kama amekula, akamfungia mabibo kwenye kitambaa ampelekee mama yake. Hakuna aliyemtaja marehemu. Tulipotoka Somoe aliniambia imekuwa hivyo tangu msiba. Hakuna ndugu hata mmoja aliyemlaumu, na yeye angeona nafuu kama mmoja wao angemsema.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilimwomba anijibu kuhusu Masasi. Alisema atajaribu. Mama yake alinisindikiza mpaka barabarani. Pale, tukisubiri gari, alinishika mkono akasema kwamba usiku mwanawe husoma vitabu vyake vya meno, lakini mtoto wa jirani akilia jino hutoka akaenda kutembea mbali. Aliniomba nisimwache. Nilimwahidi.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Masasi nilimweleza Chikoti kwamba nimesimuliwa. Aliniambia alikuwepo hospitali siku mwili ulipofika. Kutoka pale mpaka Lindi niliandika maelezo ya kamati kichwani, nikiyafuta na kuyaandika upya. Idadi ya viti na vifaa, ambavyo ndivyo nilivyotumwa kuvitazama, niliviweka mwisho.

Kamati ilinisikiliza vizuri. Sikutaja jina la Somoe wala la mji. Nilisema tu kwamba tulikuwa tumepanga safari ya vyeti kutoka ofisi moja hadi nyingine, na hatukuwa tumepanga mwenye vyeti akae wapi wakati huo, wala awajibu nini watu watakaomjia na maumivu yao. Hata waliobishana nami mwanzo walikubali. Kifungu kiliingizwa, kikapita ngazi za juu, na Masasi ikawa miongoni mwa vituo vya kwanza. Wenzangu walinipongeza. Mimi nilitoka nje nikampigia Somoe.

Alishukuru. Akasema atakwenda wiki itakayofuata. Wiki ile Chikoti alinipigia kuuliza mbona binti hajafika. Nilimpigia, hakupokea. Jioni alinipigia mwenyewe.

"Nilikwenda, daktari," aliniambia. "Nilifika asubuhi nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Dakta Chikoti alitoka kuita watu, hakuniona. Pembeni yangu kulikuwa na mzee amevimba shavu, ameegemea ukuta. Nilimtazama mpaka alipoitwa. Kisha nikashindwa kuingia, nikapanda gari nikarudi."

Nilimwambia arudi kesho, nitamwomba Chikoti amfuate stendi. Alisema hapana, si kesho. Shule imempa darasa la mtihani na wanafunzi wanamtegemea. Aliuliza kama nafasi inaweza kungoja. Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Utaratibu nilioupigania mimi mwenyewe ulisema asiyeripoti kwa wakati nafasi yake apewe mwingine, kwa sababu hatukutaka viti vikae bure. Nilimweleza hivyo. Alisema ni sawa, ni haki, na akaniomba niwasalimie wanangu.

Chuo chake kilijibu baadaye. Shahada yake imethibitishwa, anaweza kufanya mtihani muda wowote anaotaka. Bado hajaomba. Huwa nampigia simu, na yeye hunieleza habari za wanafunzi wake.

Nafasi yake ya Masasi ilichukuliwa na kijana aliyesomea Urusi. Chikoti anasema ni hodari, ana mkono mwepesi, wagonjwa wanampenda. Ninafurahi ninaposikia hayo, na ninamwambia Chikoti kwamba ninafurahi. Kisha kila mmoja wetu husubiri mwenzake akate simu.