Kofi la Machimboni

Kabla ya kwenda fildi, chuo kilituita ukumbini tufundishwe kutawala hisia. Mkufunzi alitufokea kwa makusudi, mmoja mmoja, aone tutafanyaje. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, hasira zangu za karibu; nilimjibu ovyo mpaka ukumbi mzima ukacheka. Mwenzangu wa jiolojia, kijana mpole wa Pwani, yeye alitabasamu tu. Akapigiwa makofi. Tukapangiwa kituo kimoja, machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Buseresere.

Siku ya kwanza tu, msimamizi wetu alipokwenda kututafutia kofia ngumu, mwenzangu akainama kwenye rundo la mawe kando ya duara, lile shimo la kushukia chini. Akaokota moja, akalilamba ili chembe zionekane, kama tulivyozoea chuoni, kisha akalitia mfukoni. Jamani! Mawe yale ni jasho la watu. Kule hata kuyagusa unaomba kwanza.

"Mwizi!"

Wachimbaji walimfikia kabla sijafungua mdomo. Mpini wa sululu ulimpata begani, ngumi ikampasua mdomo, akaanguka. Akajiinua kwa magoti na, Mungu wangu, akatabasamu. Tabasamu lile lile la ukumbini, na meno yote damu.

"Anatucheka huyu!"

Sasa ndipo walipoanza kumpiga kweli. Mateke ya mbavuni yalilia kama gunia la mahindi linalotupwa kutoka kwenye lori. Mwanamume mmoja wa makamo akanyanyua nyundo, akatafuta pa kusimama vizuri. Walikuwa wanamuua.

Nikapenya katikati yao, nikamkunja mwenzangu ukosi, nikamchapa kofi, na lingine, na lingine. "Mshenzi wewe! Umeshika cha watu umemwomba nani? Cheka tena nikuone!" Hasira yangu yote nilimmwagia yeye, na lile tabasamu lake la kijinga. Nikalitoa jiwe mfukoni mwake, nikapiga goti mbele ya mwenye nyundo, kama nilivyolelewa kusalimia wakubwa kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Ni mdogo wangu huyu. Si mwizi, ni mjinga."

Mtu nyuma akacheka. Nyundo ikashuka taratibu.

"Ng'wanone," akaniambia, kama anamwambia bintiye, "mwondoe hapa kabla sijageuza mawazo."

Bodaboda ilitupakia mshikaki kwenda hospitali, mwenzangu katikati, mgongo wake kifuani kwangu. Njiani akatema jino.

"Dada," akasema, "wewe umenipiga kweli."

"Kweli kabisa. Kofi la uongo wangelijua."

Hapo tabasamu likafutika. Akalia kwa sauti njia nzima, nami nikamshikilia asianguke, kiganja changu bado kinawasha.