Nilikata mti ili kuwakomoa nyani, nikamkomoa mama yangu

Wakuu, salaam kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Sijatia chumvi hata punje, na mkinitukana nimestahili.

Mimi ni mtumishi, ofisi yangu iko Mtumba, nakaa Makole. Mama yangu anaishi peke yake Busi, Kondoa. Shamba lake la mahindi linaanzia nyuma ya jiko hadi chini ya mlima wa mawe, na mlima huo una wenyewe. Nyani.

Kama hujawahi kulima jirani na nyani, usije hapa na habari za kupenda wanyama. Nyani anavunja hindi, anang'ata mara moja, anatupa, anavunja lingine. Na anakuangalia usoni!

Kule kila kaya inalinda upande wake wa mlima hadi mavuno. Wakipitia kwako wakala mahindi ya jirani, lawama ni yako. Mama magoti yamemkatalia, kwa hiyo analinda akiwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, debe bovu mapajani na fimbo mkononi.

Nimeenda likizo mwaka huu, asubuhi ya kwanza nakuta nyani wamejaa kwenye mgunga mkubwa mpakani mwa shamba. Dume limekaa tawi la juu, linamchungulia mama. Mama akapiga debe, majirani wakaitikia kwa makelele, nyani wakarudi mlimani.

Nikachukia sana. Logic yangu ikawa hii: nyani ni mnyama wa mitini, toa mti, kwisha habari yake. Nikaenda kuazima chensoo.

Mama akaniambia, "Mwanangu, uache huo mti. Nimeuzoea."

Nikamjibu, "Mama, wewe tulia. Hili niachie mimi."

Mzee Issa, ambaye shamba lake limepakana na letu, akaja kuniuliza kama nimeongea na mama vizuri. Nilimpa shikamoo yake. Ushauri wake sikuuchukua.

Mti ukalala chini Alhamisi. Nilijipiga picha na kisiki, nikaituma kwenye group la ofisini. Mjinga mimi.

Ijumaa nimetoka msikitini, nasikia debe linalia tangu njiani. Nafika, mama yuko kwenye kigoda chake anapiga huku analia. Nyani wako katikati ya shamba, chini, wanatembea kwa miguu minne kati ya mistari ya mahindi kama wamepalilia wao. Mahindi yamewazidi kimo, ukiwa pale kwenye kigoda huwaoni. Unasikia tu yakivunjika.

Nikakimbia na mawe. Wakapanda mlimani taratibu, kila mmoja na hindi lake. Walikuwa wameshapita hadi kwa Mzee Issa.

Robo tatu ya shamba ilikuwa chini. Hicho ndicho chakula cha mama cha mwaka mzima.

Nikamuuliza kwa ukali, eti kwa nini hakupiga debe mapema. Yaani nilithubutu kumuuliza!

Akasema, "Ningewaonea wapi? Walikuwa hawaingii kabla hawajapanda pale kuchungulia. Nikiona matawi yanatikisika, napiga. Mimi miguu sina, mwanangu. Nilikuwa nalinda kwa ule mti."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso. Nyani hakuuhitaji ule mti hata kidogo, anatembea chini vizuri kuliko mimi. Aliyeuhitaji ni mama, na alinikataza, nikamwona mshamba.

Mzee Issa hajanisemesha hadi leo. Mahindi ya mama nanunua mimi, lakini yeye hakuwa mtu wa kula chakula cha kununua, na hilo linaniuma kuliko yote.

Nilichojifunza: mzazi akikwambia kitu amekizoea, kaa chini umuulize anakitumiaje. Msisubiri yawakute.

Nimepanda mgunga mwingine palepale, sasa unanifika gotini. Mnaoishi na nyani, leteni mbinu zenu, nasoma kila comment. Ila asije mtu kuniambia nivute subira mti ukue. Mama yangu ana miaka sabini na mbili.