Baba Mkwe Aliponiita kwa Jina

Kwa miaka mingi nilikana, lakini ukweli ni kwamba baba mkwe wangu alipoanza kuugua, mimi nilifurahi.

Niliingia kazini miaka ya hamsini, katika hospitali moja ya Mbeya. Siku ya kwanza, kabla hata hatujapewa aproni, Sista Mkuu alitusimamisha mstari mmoja. "Mzee akianguka akajigonga kichwa," alisema, "msimwamini kwa kuwa anacheka." Damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa siku, hata kwa wiki kadhaa. Kichwa huzidi kuuma, mtu hutapika, husinzia ovyo, mkono au mguu hulegea, maneno huchanganyika, mboni moja ya jicho hupanuka kuliko nyingine. Nilizikariri dalili hizo kama sala, nikajiona nusu daktari.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Igowole, chini ya Mganga Msaidizi, Mnyakyusa mpole aliyenoa sindano kwa jiwe huku akiimba. Mume wangu naye alikuwa Mnyakyusa, mzaliwa wa Tukuyu, karani wa shamba la chai. Mimi ni Mbena. Kwao, mke hamtazami usoni baba wa mumewe, na mzee naye hamsemeshi wala hamtaji jina. Pamoja na vyeti vyangu vyote, niliishia kujibanza nyuma ya migomba kila mzee alipopita.

Alipokuja kututembelea alifikia kwa jirani. Akishuka kwenye lori aliteleza, kichwa kikagonga bodi. Akacheka, akaomba chai. Nilimsimulia Mganga Msaidizi, siku mbili nikamchungulia mzee kupitia ufa wa mlango wa jikoni, kisha nikasahau.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikiwa na ndoo kichwani, nikasikia naitwa kwa jina langu la ubatizo.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Mbona unanikimbia kila siku?"

Nikakaa. Akanishika mkono, akasifia mboga zangu. Nilifika kazini miguu haigusi chini.

"Baba mkwe ameniita kwa jina," nikamwambia Mganga Msaidizi. "Amestaarabika."

Akaweka jiwe lake chini. "Mzee wa Tukuyu? Mbele za watu?"

"Jirani alikuwepo."

"Tangu aanguke ni siku ngapi?"

Nikahesabu, tabasamu likanikauka.

"Umemtazama mboni?"

"Bwana Mganga, yule ni mkwe wangu."

"Mwenzio ameshasahau kama wewe ni mkwe wake. Nenda kamtazame."

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mume wangu, ila mboni ya kulia ilikuwa pana kuliko ya kushoto. Kikombe kikamponyoka. Tulimlaza kwenye lori la chai, kichwa kimeinuliwa kidogo, mume wangu akaenda naye Iringa.

Tangu nistaafu, wauguzi vijana huniuliza dalili ipi ni ya kuogopwa zaidi. Huwaambia wawaulize wa nyumbani: leo mzee amefanya nini ambacho hajawahi kukifanya? Hata kiwe kitu kizuri. Hasa kikiwa kizuri.

Siku ya tano tangu mzee apelekwe Iringa, niliitwa kwenye simu, ofisi ya shamba. Alikuwa daktari wa Iringa. Walikuwa wametoboa fuvu na kuitoa damu.

"Ameamka, anakula, anamtambua mwanawe," alisema. "Ila kuna jambo linanitia wasiwasi. Nimemwambia mkwe wake ndiye aliyemwokoa, nikakutaja jina. Amegeukia ukutani, akajifunika blanketi, hataki hata kulisikia."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mzee amepona. Kisha nikakaa palepale sakafuni, nikalia mbele ya makarani wote.