Matundu Kumi ya Kila Siku

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nilizokosea. Leo nimenusa bafta mpya, kitambaa cheupe cha kofia, nikaikumbuka Siyu ya utoto wangu, nilipoazimia kumshonea baba kofia ya Idi. Kila siku nikitoka chuoni kusoma Kurani nilishona matundu kumi, vile vijitobo vya nakshi ya kofia, hata vidole vikiuma.

"Kofia hiyo ataivaa mjukuuwo!" dada alinicheka.

Idi ikafika, upande wa nyuma ungali mweupe, bila tundu hata moja. Nilitaka kuificha, lakini mama aliviunga vipande vyake, baba akaivaa, akaenda kuswali nayo mbele ya watu wote. Aliporudi aliivua, akanipa.

"Haya, Bi Fundi. Yako wapi matundu kumi ya leo?"

Nikacheka, nikatafuta sindano.

Nanyi, mliishika kazi gani utotoni mpaka ikaisha? Niandikieni, hata kwa mwandiko kama wangu.