Baba na Hesabu za Walimu wa Farasi

Mwezi uliopita, ndani ya basi la Dixon Road, msichana mmoja aliyevaa buti za mpira alikaa kiti cha mbele yangu, na harufu yake ikanifikia kabla sijamtazama vizuri: majani makavu, jasho la mnyama, na ile dawa kali ya kuchulia misuli ambayo ikishaingia puani haitoki. Nilijua mara moja kwamba ametoka kwenye mabanda ya farasi wa mbio. Nilibonyeza kengele nikashuka vituo viwili kabla ya kwetu, nikasimama mbele ya kinyozi nikilia, mtu mzima na mfuko wake wa ndizi mbichi mkononi. Kinyozi alitoka kuniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ni mafua tu.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo huko Kondoa, kazi ya kuchanja ng'ombe na kugombana na wenye ng'ombe. Tulipohamia Toronto, Kanada, alipangiwa kazi nyingine. Alikuwa akipanga sinia za chakula cha abiria wa ndege, katika jengo lisilo na madirisha karibu na uwanja wa ndege, na mnyama pekee aliyemwona kutwa nzima alikuwa kuku, naye keshakatwa vipande. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila aliwahi kumwambia Mama kwamba mikono yake imesahau joto la mnyama. Tulikaa ghorofa ya kumi na mbili pale Kingsview Village. Siku ya anga safi, kutoka kwenye roshani, ungeliona kwa mbali paa la jukwaa la mbio za farasi, na Jumamosi moja Baba akalifuata paa lile kwa miguu.

Mama hakuwa na ugomvi na farasi. Ugomvi wake ulikuwa na kamari. Alimwapisha Baba kwamba hataweka dau hata la senti moja, na ili kiapo kiwe na shahidi akaamua kila Jumamosi niende naye. Mimi, Zuhura, mwenye miaka tisa, ndiye niliyekuwa askari. Tukirudi, Mama ananiuliza kwa Kiswahili kama baba yako amesogelea dirisha la kuwekea dau, nami namjibu kwa Kiingereza kwamba hakulisogelea. Ndivyo tulivyozungumza nyumbani kwetu: wao Kiswahili, mimi Kiingereza, na kila mmoja akimwelewa mwenzake. Hata hivyo akina mama wa ghorofani waliendelea kunong'ona kwenye lifti kwamba Baba Zuhura amepotea. Walinihurumia sana, wakanipa visheti.

Alichokuwa akikifanya pale kilikuwa kama mtihani wa shule. Uwanjani kuna kitabu cha mbio, na chini ya jina la kila farasi limeandikwa jina la anayemfunza, pamoja na tarakimu ndogo sana: farasi wangapi amewaingiza mbioni msimu huo, na wangapi wametoka wa kwanza. Baba aliwaita wafunzaji hao walimu, kama tunavyomwita kocha wa mpira. Watu waliotuzunguka walichagua farasi kwa jina zuri, kwa rangi ya shati la mpandaji, au kwa ndoto waliyoota. Baba hakuanza na farasi, alianza na mwalimu.

"Farasi hasemi," aliniambia. "Hawezi kukwambia kama goti bado linamuuma. Mwalimu wake anajua, naye hasemi. Lakini hesabu zake zinasema."

Alikuwa na daftari la mistari, kurasa zimepigwa rula. Safu ya kwanza majina ya walimu, ya pili farasi wao wote, ya tatu farasi waliorudi mbioni baada ya mapumziko marefu, ya nne wale waliotoka mikononi mwa mwalimu mwingine. Yuko mwalimu anayejua kumrudisha farasi aliyepumzika na akashinda siku hiyohiyo ya kwanza, na yuko anayehitaji mbio mbili tatu za kumwamsha. Macho ya Baba hayakuwa mazuri na miwani aliikataa kwa maringo, kwa hiyo mimi nilisoma tarakimu, yeye akaandika. Kabla ya mbio tulikubaliana nani wa kwanza, nani wa pili. Baada ya mbio, vema kwa kalamu nyekundu tukipatia, mkasi tukikosa. Hakuna aliyetulipa, na hatukulipa mtu. Baba akipatia tatu mfululizo alitembea mpaka nyumbani akipiga mluzi.

Mimi nikawa hodari wa asilimia kuliko darasa zima. Mwalimu wangu wa shule alipiga simu nyumbani kuuliza nani ananifundisha, na kwa kuwa Kiingereza pekee alichokielewa Mama kilikuwa changu cha nyumbani, nilishika simu mimi mwenyewe kutafsiri. Nilitafsiri nilivyopenda. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili katika nyumba ile: benki, shuleni, kwa daktari wa meno, popote ambapo Mama alihitaji ulimi.

Walimu wawili nawakumbuka kuliko wote. Mmoja tulimwita Bwana Tai, kwa sababu ya tai yake ya kijani, na hesabu zake zilikuwa tamu: karibu farasi mmoja kati ya kila watatu alimtoa wa kwanza. Mwingine alikuwa bibi mmoja mzungu mwenye kofia ya nyasi iliyokatika ukingo. Tulimwita Bi Kofia. Alikuwa akipoteza tu. Mkasi, mkasi, mkasi, ukurasa mzima. Mimi nilimdharau, nikataka tumfute tupate nafasi ya watu wa maana. Baba hakukubali. Farasi wa Bi Kofia walipotembezwa kabla ya mbio, alisogea kwenye uzio akawatazama miguu kwa muda mrefu, na akaniambia kwamba nisisome hesabu ya mwalimu kabla ya kuuliza anapelekewa farasi gani. Bwana Tai anawakataa wagonjwa, alisema. Bi Kofia anapokea waliokataliwa na wote. Nilimsikia. Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka vema nyekundu.

Mwaka uliofuata Baba alianza kukonda. Mwanzo tulimtania kwamba anafunga Ramadhani peke yake. Halafu macho yakawa ya njano, na vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye ini, umejibana kwenye mshipa mkubwa. Wiki kadhaa alikwenda hospitali hii na ile wakati mimi niko shuleni. Nilipomuuliza anakwenda kufanya nini, aliniambia anachagua daktari wa kumpasua, kama tunavyofanya Jumamosi. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Alinisimulia kuhusu wa kwanza, bingwa katika hospitali kubwa, ambaye watu walisema wagonjwa wake wote wa mwaka ule walikuwa wamerudi nyumbani. Nikamfungulia ukurasa mpya kwenye daftari na kuandika hivyo, nikimhesabu kuwa mtu wetu tayari.

Lakini siku Baba alipotaka nichukuliwe shuleni nikamtafsirie Mama, daktari tuliyemkuta si bingwa yule. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, kola ya koti lake imekunjika upande mmoja. Alieleza polepole, nami nikamgeuzia Mama kwa Kiswahili changu cha kukwaruza. Alipomaliza akauliza kama tuna swali. Mama alitaka kujua Baba atakula nini baada ya kupasuliwa. Swali hilo sikulitafsiri. Niliuliza langu: wagonjwa wangapi wenye uvimbe kama huu umewahi kuwapasua, na wangapi walirudi nyumbani?

Yule daktari alimtazama Baba kwanza. Kisha akageuza kiti chake kabisa akanikabili mimi. Tisa, alisema. Watatu walirudi nyumbani.

Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anasema amewafanyia wengi. Baba, aliyejua Kiingereza vizuri, alikuwa akitazama viatu vyake na hakunisahihisha.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba tisa ni wachache mno kumhukumu mtu, na ningeweza kujifariji na hilo. Sikujifariji. Nilikasirika siku nne. Ilinichoma kwamba mtu aliyenifundisha kutochagua kwa huruma alikuwa akichagua kwa huruma, na safari hii aliyekuwa akiingizwa mbioni ni yeye. Jioni ya kabla ya kupasuliwa, Mama alipotoka kwenda kuswali magharibi katika chumba kidogo cha sala cha hospitali, nililitoa daftari kwenye mkoba wangu wa shule nikaliweka kifuani kwa Baba. Nilimwonyesha ukurasa. Bingwa juu, yule daktari wetu chini. Nilimwambia, kwa Kiingereza changu chepesi ambacho hakikuwahi kunikwamia, kwamba amemchagua Bi Kofia.

Alicheka kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu tumbo lilimuuma. Akasema daktari yule mikono yake imetulia, na kwamba ameitazama mikono mingi katika maisha yake. Kisha akalifunga daftari akanirudishia.

"Haya, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu jina langu ni la mama yake. "Na mimi kesho unaniweka namba ngapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimtazama usoni.

"Sikuweki popote," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyofanya kila nilipomsomea tarakimu naye akaipokea. Akasema sawa, mwalimu. Mama akarudi, nami nikaenda kukaa dirishani nimewapa mgongo, na muda wa wageni ulipokwisha nikampungia mkono kutoka mlangoni. Alipasuliwa asubuhi. Hakuamka siku ile wala ya pili, na siku ya tatu wakatuita.

Tulimzika penye theluji, wanaume wa ghorofani kwetu wakipokezana sepetu. Wake zao walipika siku saba, walewale wa kwenye lifti, na hakuna tena aliyesema amepotea. Yule daktari mfupi alikuja matangani, akakaa sakafuni na soksi zake kama sisi, akala pilau kwa mkono ingawa hakujua kula hivyo. Nilikataa kumtafsiria. Nilimchukia kwa miaka mingi, chuki ya kweli, ya kuamka nayo. Niliamini amemchukua Baba ili apate wa kumi wake. Nilimchukia na Baba pia, kwa kuchagua vibaya, na hilo sikuweza kumwambia mtu.

Nilijua ukweli nikiwa na miaka ishirini na mbili, jikoni kwa Mama, tukichambua mchele. Nilimlaumu Baba kwa mara ya kwanza kwa sauti. Nilisema angemchagua bingwa, angekuwa hai. Mama aliacha kuchambua. Hakunikaripia. Aliniambia kwamba bingwa alitazama picha za ini dakika chache akamrudisha Baba na bahasha yake, na wa pili, ambaye Baba hakunitajia kabisa, alifanya vivyo hivyo. Hakukuwa na kuchagua. Mwanamke yule ndiye peke yake aliyekubali kumpokea, na alikaa naye saa nzima akimweleza jinsi ilivyo hatari. Baba hakutaka mwanawe ajue kwamba amekataliwa. Aliona afadhali nidhani amekosea.

Kisha Mama akaniambia jambo ambalo mpaka leo likinijia njiani lazima nisimame. Siku ile ya saa nzima, Baba alimwomba daktari kitu kimoja tu. Alimwambia, nina binti, atakuja kukuuliza hesabu zako. Usimfiche.

Ndiyo maana yule mwanamke alimtazama Baba kwanza, akageuza kiti. Nilikuwa nikijiuliza miaka yote ile ni daktari gani mwenye roho ngumu kiasi cha kumpa mtoto namba kama ile. Alikuwa akitimiza ombi. Baba alijua kwamba maneno ya faraja, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, nisingeyaamini, na kwamba tarakimu ningeiamini. Alitaka niwe tayari. Alinipa watatu kati ya tisa ili nisije nikaanguka siku ya kuitwa, na mimi nikaichukua namba ileile nikampiga nayo kifuani, yeye amelala.

Nilimtafuta yule daktari. Alikuwa amestaafu na kuhama mji. Nilimwandikia barua ndefu ya kumwomba radhi, naye akanijibu kwa mistari miwili ya upole. Kwa hiyo huko nimekwisha kulipa.

Siku ileile ya mchele, kabla hajarudi kwenye ungo wake, Mama aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu. Aliniuliza nilimwambia nini baba yangu jioni ile, yeye alipokwenda kuswali, kwa sababu aliporudi alimkuta ametulia sana, na baba yangu hakuwa mtu wa kutulia. Nilimjibu Mama kwa Kiswahili. Nikamwambia nilimtakia kheri, na kwamba nilimweka wa kwanza. Mama akafurahi, akasema alijua. Nyinyi ndio wa kwanza kuusikia ukweli, na Mama bado yu hai, kwa hiyo naomba mnitunzie.