Magadi ya Tabea

Tabea wa Kikwe hakuwa mtu wa kushindwa na mche. Alikuwa amelima nyanya miaka thelathini, na jirani akiona jani limejikunja alimwita yeye kwanza. Lakini asubuhi ile alisimama kando ya tuta lake, ndoo mkononi, haelewi hili wala lile. Udongo ulikuwa umelowa hadi unanata vidoleni, na miche imelala kana kwamba haijaonja maji wiki nzima.

Wala haikuwa miche hivi hivi. Marehemu mumewe, Abdiel, kila msimu alichagua nyanya bora, akakausha mbegu na kuziweka kwenye kopo la kahawa. Mwaka huu Tabea alipanda kopo lote. Miche hii ikifa, mbegu ya Abdiel imekwisha.

Akamwagilia tena. Ikalala zaidi. Akampigia simu Philemoni, bwana shamba, naye akaja na pikipiki yake.

"Shikamoo, Mama Nancy."

"Marahaba. Hebu niambie, mwanangu, mmea gani unakufa kwa kiu ndani ya maji?"

Philemoni alionja udongo kwa ncha ya ulimi, akatema. "Umetia nini humu?"

"Magadi. Miche ilidhoofu nilipoihamisha. Ng'ombe akidhoofu si tunamlambisha magadi? Nayayeyusha kwenye ndoo, naimwagilia kila siku."

Philemoni alitaka kucheka, akauona uso wake, akaacha. "Mama, kachumbari unaiandaaje?"

Huyu naye! Mtu anafiwa na miche, yeye anauliza kachumbari. "Nakata kitunguu, natia chumvi, kinatoa maji, nakamua."

"Sasa mzizi nao una vyumba vidogo mno, seli, kila kimoja kimezungukwa na utando unaopitisha maji. Maji hufuata upande wenye chumvi nyingi. Magadi nayo ni chumvi. Yakizidi nje, maji ya ndani yanatoka."

Kitunguu Tabea alikielewa. Lakini jambo lingine hakulielewa. "Mbona Abdiel alipozidiwa, hospitali walimtundikia maji ya chumvi, akafumbua macho akaniomba uji?"

"Yale yalipimwa, chumvi yake isizidi ile ya damu. Haya hukupima, mama."

Tabea akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliumia, kwa sababu hakuna aliyeipenda miche ile kuliko yeye, na mkono ulioiua ulikuwa wake.

Siku mbili walimwaga maji matupu ili yayasukume magadi chini. Miche mingi ikafa. Siku ya tatu minne iliinuka. Tabea aliitazama kwa muda mrefu, bado akijiuliza maji yasiyo na macho yanajuaje pa kwenda.

Nyanya ya kwanza ilipoiva, Nancy, bintiye, aliileta jikoni pamoja na kitunguu na kikopo cha chumvi. Tabea akamnyang'anya, akaikata mwenyewe, akazichota mbegu zote na kuzianika juu ya gazeti. Kisha akaenda kulitafuta lile kopo la kahawa.